Mama Mkwe Anadhani Mimi ni Bingwa wa Pancha

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi maana nimejitia kitanzi mwenyewe. Mimi ni mtoa dawa katika zahanati, kazini naenda kwa baiskeli, dakika arobaini, na tangu mwezi uanze tairi la nyuma limepata pancha mara tano, fundi anaziba, kesho yake fyuu, limelala tena, nami nasukuma baiskeli jasho likinitiririka huku wagonjwa wamepanga foleni, kwa sababu ufunguo wa kabati la dawa ninao mimi peke yangu. Wiki iliyopita nilimkuta mama mmoja amepakata mtoto mwenye homa, amenisubiri saa nzima, wala hakunitukana, alisema tu, "Pole na njia, daktari," na hiyo pole ilinichoma kuliko tusi.

Sasa aibu yenyewe: kuziba pancha sijui. Mama mkwe alipohamia kwetu nilitaka anione mwanamume wa maana, nikamwambia pancha zangu naziba mwenyewe, naye akawatangazia wenzake wa kikundi, na juzi mezani akasema, "Baba, Jumamosi wanakuja akina mama kumi na wawili na baiskeli zao, uwafundishe." Mke wangu, anayejua ukweli, alikimbilia jikoni kucheka. Je, niugue ghafla? Nisafiri?

Mwenye Pampu Tu

JIBU

Jumamosi haingelisubiri gazeti, kwa hiyo nilikupigia simu siku ileile, na niliyokuambia nayarudia hapa wengine wafaidike.

Pole, ila nilicheka. Usiugue! Wewe wa zahanati hujui kwamba mficha maradhi kifo humuumbua? Kwanza, pancha tano tairi lilelile si mkosi. Fundi wako anaziba mpira wa ndani, mwiba anauacha kwenye tairi. Livue, pitisha kitambaa polepole ndani yake. Kitakaponasa, hapo ndipo alipo adui. Pili, tembea na mpira wa akiba: njiani unabadilisha, kiraka utabandika jioni umetulia. Tatu, na hapa sicheki, ufunguo wa pili mpe muuguzi leo. Homa ya mtoto haingoji tairi lako.

Kuhusu mkweo, mwambie kabla wageni hawajafika. Kisha mwite fundi afundishe, nawe ukae mbele kabisa, ushike msasa wa kukwaruzia mpira.

Jumapili ulinipigia, sauti imechangamka. Mwiba ulipatikana, mrefu kama sindano ya kushonea magunia. Na mama mkwe? Ulimwambia uani, umeinamisha kichwa: "Mama, nilikudanganya. Sijawahi kuziba hata moja." Akakutazama, kisha akaangua kicheko.

"Baba, binti yangu alitafuta mume, fundi hakumtafuta. Fundi akija, vuta kigoda ukae kando yangu. Hata mimi kuziba sijui."