Nilivyomfukuza Mbwa Kwenye Mbio za Punda

Jumatatu, Kendu Bay. Jua limetoka mapema, ziwa limetulia kama limepigwa pasi. Nimekaa kwenye kiti cha marehemu mama, miguu nimeinyoosha juu ya stuli, kwa sababu magoti yamekataa kukunjwa. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili hakuumbwa kukimbia kiwanja kizima akiwa na viatu vya kanisani.

Lakini moyo ni mweupe. Nimeamka nikicheka peke yangu.

Wanaonisoma hapa kwenye blogu wanajua msimamo wangu kuhusu mbwa kwenye mbio za punda. Nimeandika makala tatu, ndefu, zenye hasira. Nilitaja sheria, nilitaja usafi, nilitaja haki ya mtoto kusimama kwenye umati bila kuogopa kuumwa kisigino. Nilisoma jinsi nchi nyingine zinavyoendesha mashindano ya farasi: nani anaingia na mbwa, kamba iwe na urefu gani, mbwa akae umbali gani. Wao wana farasi na kofia pana, sisi tuna punda wa kubeba maji. Hoja ni ile ile. Mnyama anayekimbia na mnyama anayependa kufukuza hawawekwi pamoja katikati ya watu waliobanana.

Na sikuwa natunga. Mwaka jana mbwa asiye na mwenyewe alimvamia punda miguuni, punda akachomoka, akapita katikati ya watazamaji na kupindua karai la mafuta ya mandazi. Mama aliyekuwa akikaanga aliungua mguu, akachechemea wiki nyingi. Nilimtembelea. Niliuona huo mguu. Anayesema mbwa ni mapambo ya uwanjani na aende akamwambie yeye.

Kamati ya mbio iliniita. Nilikwenda kama ninavyokwenda kila mahali, na karatasi na sauti. Mwenyekiti ni Mwalimu Okeyo, mstaafu, aliyenifundisha hesabu darasa la sita. Aliniomba nikae chini mara mbili. Sikukaa. Nilipoona bado wanasitasita, nikatoa kombora la mwisho. Nikasema mji huu ni wa wote, tuna ndugu zetu Waislamu, tena zawadi ya mshindi inatolewa na Mzee Shaban mwenye duka la mabati. Tutamkoseaje heshima kwa kumjazia mbwa mbele ya macho yake?

Mzee Shaban hakuwepo kwenye mkutano. Hilo halikunizuia.

Sheria ikapita, na nikaiandika kwa mkono wangu: mbwa yeyote haruhusiwi kuvuka kamba ya uwanja. Chini yake nikaongeza nyingine: punda asipigwe fimbo. Nikarudi Migori, ninakoishi siku hizi, kwenye duka langu la vitabu nikiwa nimevimba kichwa.

Sasa niandike kitu ambacho hakimo kwenye makala yoyote kati ya zile tatu.

Naogopa mbwa.

Siwaogopi kwa hoja, nawaogopa kwa magoti. Nikiwa msichana mdogo, mbwa wa jirani alinikimbiza mpaka nikapanda juu ya choo cha mabati, nikakaa huko hadi mama aliporudi kutoka sokoni. Tangu siku hiyo, mbwa akipita upande huu wa barabara, mimi navuka. Halafu nafika nyumbani, nafungua kompyuta, naandika kuhusu usalama wa umma.

Basi, jana. Mbio huwa Jumapili alasiri, kwa sababu Jumamosi nusu ya mji iko Sabato na Jumapili asubuhi nusu nyingine iko misa. Punda walikuwa saba. Hawabebi mzigo, wala hakuna anayewapanda. Mwenye punda hukimbia kando yake ameshika kamba, mpaka kwenye nguzo ya mwisho wa uwanja, wanaizunguka, wanarudi. Anayetangulia anapewa mkokoteni mpya wa magurudumu ya mpira, umepakwa rangi ya kijani.

Mkokoteni huo ulikuwa na mtu wake moyoni mwangu. Min Apiyo, yaani Mama Apiyo kwa Kijaluo, ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Kazi yake ni kuchota maji ziwani na kuyapeleka kwenye hoteli na nyumba za watu, mitungi ikiwa mgongoni mwa punda anayeitwa Mheshimiwa. Mgongo huo sasa una kidonda. Daktari wa mifugo alimwambia wazi: huyu asibebeshwe tena, avute mkokoteni au astaafu. Tangu hapo Min Apiyo anabeba maji kichwani, safari baada ya safari, na shingo yake ni ya umri wangu.

Saa tisa ikafika. Punda sita wakapanga mstari. Wa saba akafika kwenye kamba ya uwanja na kusimama.

Min Apiyo akamvuta. Akamsukuma. Akamwimbia. Mheshimiwa akageuza kichwa kuelekea kwenye mti wa nje, alikofungwa mbwa wa Min Apiyo, Sajini, kwa amri ya sheria yangu.

"Mheshimiwa anangoja msafara wake!" mtu akapaza sauti.

"Mpeni marupurupu kwanza!"

Watu wakacheka. Min Apiyo hakucheka. Akamwachia kamba mtu mmoja, akaja moja kwa moja kwangu.

"Mwandishi, sheria yako imekaa kwenye miguu ya punda wangu."

"Ni sheria ya kamati," nikasema.

"Kamati gani? Ilipiga makofi tu." Akafuta jasho kwa leso. "Huyu punda amekua na Sajini banda moja. Asubuhi mbwa anatangulia, punda anafuata, mimi niko nyuma yao wote. Hajawahi kutangulia hata siku moja. Na fimbo pia umekataza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

 

Nikamfuata Mwalimu Okeyo. Akanisikiliza, akavua miwani, akaifuta taratibu kama alivyokuwa akifanya kabla ya kurudisha mitihani. Akasema kamati ilikataza mbwa kwa ajili ya Mzee Shaban, kwa maelezo yangu mwenyewe, kwa hiyo niende nikamwombe Mzee Shaban.

Mzee alikuwa amekaa kando ya mkokoteni wake, kanzu nyeupe, mwavuli mkononi. Nilimsalimu kwa heshima zote nilizo nazo, nikaanza utangulizi mrefu kuhusu hisia za jamii mbalimbali. Akanikatiza.

"Mwanangu, nani alikwambia mimi nimekasirikia mbwa?"

Hakungoja jibu.

"Stoo yangu inalindwa na mbwa wawili. Mbwa wa kazi ana mahali pake. Akinipaka mate nitaosha. Maji yako wapi?" Akaonyesha kwa mwavuli. "Ziwa zima lile pale."

"Nimekosea, Mzee."

"Umekosea, ndiyo. Mlango wa duka langu unatazama barabara. Ukitaka kusema jambo langu, ingia uniulize. Chai ipo." Halafu akacheka. "Sasa nenda, kabla punda wengine hawajalala."

Nimegombana na watu wakubwa katika maisha yangu na kuondoka kichwa juu. Jana niliondoka mbele ya mtu aliyenikaribisha chai, nikiangalia chini.

Mwalimu Okeyo akawauliza wenye punda wengine. Wote wakakubali. Odongo, kijana mwenye punda mweusi ambaye kila mtu alijua atashinda, alikubali kwa kelele: "Mwacheni aingie! Paka naye aje, na kuku pia! Mimi nitawangoja kule mwisho."

"Lakini mbwa awe kwenye kamba," Mwalimu Okeyo akasema. "Na kamba ishikwe na mtu mwingine, maana mwenyewe ana punda wa kushika." Akatazama huku na huku, kisha akanitazama mimi kwa yale macho ya darasa la sita. "Wewe uliandika sheria. Shika."

Ningeweza kusema ukweli pale pale. Maneno matano tu: mwalimu, mimi naogopa sana mbwa. Lakini uwanja mzima ulikuwa unanitazama, na Min Apiyo alikuwa amekunja mikono kama mtu anayesubiri daktari atoke chumbani.

Nikashika kamba.

Sajini ni mbwa wa rangi ya vumbi, sikio moja limekatika. Alinusa sketi yangu kwa makini, kama askari anayekagua kitambulisho.

"Usimwangalie machoni," Min Apiyo akaninong'oneza. "Atadhani unataka urafiki."

Filimbi ikalia. Punda sita wakaondoka. Sisi tukabaki pale kwa pumzi moja au mbili, msafara wa watu waliokosa njia. Kisha Sajini akabweka, mara moja, karibu kabisa na kisigino changu.

Nikakimbia.

Sikukimbia kwa ajili ya mkokoteni. Nawaomba msinipe sifa nisizostahili. Nilikimbia kwa sababu kulikuwa na mbwa nyuma yangu. Mbwa alikimbia kwa sababu mimi nilikimbia na kamba yake mkononi, na katika hofu yangu sikukumbuka kwamba naweza kuiachia. Mheshimiwa akamwona Sajini anaondoka, akaondoka naye. Min Apiyo akakokotwa nyuma, leso imeanguka, anapiga vigelegele. Kina mama wa soko wakawa wanapiga kelele "Ringi! Ringi!" kana kwamba nilihitaji kuambiwa nikimbie.

"Mama, mbwa huyo! Amekufikia!"

Aliyesema hivyo nitamtafuta nimshukuru, maana hapo ndipo niliongeza mwendo.

Tulipowapita punda wawili sikujua. Tulipowapita wengine watatu sikujua. Kwenye nguzo kiatu cha kushoto kikabaki, nikakiacha. Punda mweusi wa Odongo alikuwa ameshageuka, yuko mbele peke yake, ndipo akaona kikapu cha maganda ya ndizi miguuni mwa mtazamaji. Akasimama kula. Odongo akamvuta, akambembeleza, akamwita kwa majina ya ukoo mzima. Fimbo hakuwa nayo. Kila mtu anajua ni kwa nini hakuwa nayo.

Tukampita akiwa na ganda mdomoni.

Mimi sikusimama kwenye mstari wa mwisho. Nilisimama ndani ya ziwa, maji yakiwa magotini, sketi imeelea, Sajini yuko kando yangu anakunywa kwa raha zake. Nyuma, uwanja ulikuwa umelipuka. Min Apiyo alikuwa amelala juu ya mkokoteni wa kijani, uso kwenye mbao, mabega yanatikisika. Nilidhani anacheka. Nilipofika karibu nikaona siyo.

"Mimi nimeshindwa na mtu, si punda!" Odongo alikuwa akilalamika kwa Mwalimu Okeyo. "Huyo mama ndiye apewe nyasi!" Kisha akaja kunipa mkono, na kiatu changu.

Asubuhi hii nimefungua blogu, na maoni yamejaa. Kuna anayeniita msaliti. Kuna anayesema nimeuza msimamo kwa bei ya magurudumu mawili. Wengine, wale niliowabishia miezi yote hii, wanataka nikiri kwamba walikuwa sahihi.

Hawakuwa sahihi. Jana ile ile mbwa wawili wasio na kamba wala mwenyewe walijipenyeza kwenye umati wakifuata harufu ya mandazi, na mtu wa kwanza kupiga kelele watolewe nilikuwa mimi, nikiwa bado nimelowa. Mbwa aliyekuja kutembea tu abaki nyumbani. Hilo nitalipigania hata kesho. Ila niliandika "mbwa yeyote" kwa sababu neno hilo linasikika vizuri kwenye kikao, na lile "yeyote" karibu limwache rafiki yangu na mtungi kichwani maisha yake yote. Nilisoma kila kitu kuhusu farasi wa watu wa mbali. Punda wa Min Apiyo nimemwona kila Krismasi, na sikuwahi kujua anatembeaje.

Kwa Mzee Shaban nitapita leo jioni. Nitakunywa hiyo chai na nitasikiliza. Kusikiliza kutanitesa kuliko magoti.

Na kwa wale watakaouliza: hapana, sijapona. Jana Sajini aliponilamba mguu nilipiga ukelele uliosikika mpaka sokoni.

Nilikuwa nimepanga kurudi Migori kesho alfajiri kufungua duka. Nikiwa katikati ya aya iliyopita, simu imelia. Ni Min Apiyo, na nyuma yake kuna kelele za majirani wanaocheka.

"Mwandishi, kuna shida. Nimemfunga Mheshimiwa kwenye mkokoteni. Amekubali, mgongo haujaguswa kabisa."

"Sasa shida nini?"

"Sajini amepanda juu ya mkokoteni, amelala. Nikimshusha, anapanda tena. Mheshimiwa anaangalia mbele haoni mtu, amesimama hapa tangu saa mbili. Mimi siwezi kushika punda na mbwa pamoja."

Nikamwambia mimi ni mwanamke mwenye biashara Migori.

"Kesho saa kumi na mbili," akasema. "Na uvae raba." Akakata.

Wateja wangu wa Migori watanisamehe, duka litafunguliwa Jumatano. Hapa nyumbani nimepata raba za zamani za kaka yangu, kubwa kidogo. Nikijaza magazeti mbele, zitanitosha mpaka ziwani na kurudi?