Daktari wa Syokau

Jumapili, 3 Agosti 2025

Leo nimekasirika sana.

Wakati wa maombi mama mkwe amesimama mbele ya kanisa zima akasema tumwombee mjukuu wake Syokau, ana shida ya kike, haiponi. Kanisa zima! Wazee, vijana, kwaya ya watoto. Na Syokau yuko hapo hapo kwenye kwaya, mstari wa mbele. Ana miaka kumi na moja. Aliangalia viatu vyake mpaka ibada ikaisha.

Daktari Mutie akaitikia "Amina" kwa sauti kuliko wote. Ni mzee wa kanisa, ana kliniki hapa Nunguni, tena ndiye anayefundisha shule ya Jumapili. Baadaye akaniambia nimlete mtoto kesho asubuhi.

Nikasema nitafikiria. Sitafikiria. Syokau aliniambia wazi tangu Juni: daktari yeyote, lakini si mtu atakayemwona tena kila Jumapili. Nami nilimpa neno langu.

Jumatatu, 4 Agosti

Niandike vizuri, maana kila mtu anasema lake.

Tangu Aprili Syokau anawashwa huko chini. Nilijua kupitia cherehani: nashona uniform za shule nzima, na mwanangu ndiye pekee aliyeniomba nimpanulie kila kitu. Duka la dawa wakatupa krimu ya fangasi. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Bado anawashwa. Ngozi imepauka, akienda haja ndogo analia. Na kila ninayemuuliza ananiuliza kama mtoto anaoga. Anaoga! Anaoga kuliko nyinyi nyote.

Nimempigia Kitheka. Mume wangu anafundisha Tseikuru, mtandao wa huko ni wa kubahatisha, lakini leo nilimsikia vizuri sana. Nilipoanza tu kueleza akanikatiza. "Mwongeli, hayo usiniambie. Huyo ni mwaitu."

Ni kweli, mtoto amepewa jina la mama mkwe, mama yake Kitheka, na tangu azaliwe baba yake humwita hivyo, mwaitu, mama yangu, hata akimtuma maji. Zamani niliona ni jambo tamu. Leo nimeona hasara yake. Mtoto ana baba asiyeweza kusikia habari za mwili wake, na ana nyanya anayedhani mwili huo ni wake.

Akamalizia: mpeleke kwa Mutie, huyo ni mtu wetu. Nikamwambia mtandao umekatika. Haukuwa umekatika.

Jumanne, 5 Agosti

Wamekuja! Susu — sote humwita mama mkwe susu, kama watoto wanavyomwita nyanya yao — amemleta Daktari Mutie mpaka nyumbani. Yeye na Biblia, daktari na mkoba. Syokau aliwaona dirishani, akatoka kwa mlango wa jikoni na kupotelea upande wa shamba la kabichi.

Niliwapa chai. Mgeni ni mgeni. Kisha nikasimama mbele ya mlango wa chumba cha mtoto, ambacho hakikuwa na mtu, nikasema, "Daktari, nakuheshimu sana. Lakini mtoto amekataa, na mimi nimekataa."

Susu: "Mtoto amekataa? Tangu lini mtoto akaulizwa?"

"Tangu leo, susu."

Mutie si mtu mbaya. Alimaliza chai yake, akasema anaelewa, akaenda zake. Susu hakugusa kikombe.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimekosea, na niandike hivyo.

Niliamua: daktari mwanamke, basi, mambo yamekwisha. Nikapiga simu siku mbili nikampata mmoja, kliniki ya kibinafsi, mjini Wote. Leo tumeenda. Yule mama hakuinua macho kutoka kwa simu yake. Aliniuliza mimi, hakumuuliza Syokau. Hakuangalia chochote. Mlango uko wazi, foleni yote inasikia, akasema, "Mfundishe kujipanguza vizuri." Akaandika krimu ileile. Ya nne!

Nilimwachia karatasi yake juu ya meza.

Tukirudi Syokau aliniambia, "Mum, ni wewe ulikuwa unataka mwanamke. Mimi nilisema tu mtu asiyenijua."

Ni kweli. Nilipigana na watu wote kwamba mtoto asikilizwe, na mimi mwenyewe sikuwa nimesikia.

Jumamosi, 9 Agosti

Gakenia amepitia dukani kwangu kuchukua sweta za watoto wake. Ni nesi, mtu wa Nyeri, ana miaka miwili hapa, na sijawahi kumsikia akibeba maneno ya watu. Nikamuuliza, bila kutaja ni mtoto wa nani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema hiyo isiitwe shida ya kike kabla haijaangaliwa, huenda ni ngozi tu. Kuna kliniki ya ngozi Kitui kila Alhamisi. Daktari Gicheru. "Ni mwanaume," akasema, "lakini mpigie kwanza."

Mwanaume! Nikakunja sweta.

Syokau alikuwa chini ya meza ya kukatia, anaokota pini. Akatoa kichwa. "Mimi naweza mpigia?"

Amempigia. Kwanza aliandika maswali yake kwa chaki kwenye karatasi ya patani, ile ya kukatia nguo. Utaangalia bila kuniuliza? Ndani kutakuwa na nani? Nikisema ngoja, utangoja? Nikasikia yule mtu akijibu moja moja, bila kucheka. Hapana. Mama yako na nesi. Nitangoja. Na ukifika ukakataa kabisa, tutaongea tu, safari haitakuwa imepotea.

Syokau akakata simu. "Huyu."

Jumapili, 10 Agosti

Hatukwenda kanisani. Tumepanda sukuma wiki, mimi na yeye, tukiimba nyimbo zilezile.

Kitheka amepiga. Susu alikuwa ameshamfikia na habari za Kitui. Eti nimemkataa Mutie, mtu wa Mungu, sasa nampeleka mtoto kwa mwanaume nisiyemjua? Nikamwambia si mimi niliyemchagua. Amechaguliwa na mwaitu wako. Nikupe umuulize?

Akasema mtandao umekatika. Safari hii pia mtandao ulikuwa mzima.

Jumanne, 12 Agosti

Susu amekuja dukani adhuhuri. Nikajiandaa kwa vita.

Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaangalia barabarani. Akauliza polepole, "Hiyo kitu yake. Ngozi inakuwa nyeupe? Inapasuka?"

Nikaondoa mguu kwenye pedali. Sikuwa nimemwambia habari ya ngozi. "Susu, umejuaje?"

"Mimi nilifikiria ni uzee."

"Tangu lini?"

"Tangu mzee azikwe."

Mzee Mutisya, mume wake, alizikwa 2014. Syokau alikuwa bado tumboni. Miaka kumi na moja! Anasimama kanisani kuombea magoti ya watu na sukari ya watu, na hii yake hajamwambia mtu hata mmoja. Ya mtoto ndiyo ilikuwa rahisi kuitaja.

Nilitaka huruma ifute hasira. Haikufuta. Nina zote mbili na zinakaa pamoja. Nikamuuliza kama naweza kumpima kiuno. Akakubali. Nimemkatia suruali za ndani za pamba, pana, kama za Syokau.

"Alhamisi tunaenda Kitui," nikamwambia.

Akasema yeye hawezi kuonyesha mwanaume, asilani. Akazifunga zile nguo ndani ya leso, akaondoka.

Jumatano, 13 Agosti. Kanyangi

Tumefika kwa dada yangu Kalondu. Kutoka hapa Kitui si mbali.

Tuko watatu. Asubuhi tulimkuta susu kwenye steji ya matatu na mkoba wake, amevaa nguo ya kanisa. Anasema anamsindikiza mjukuu tu. Syokau hajui lolote, na kwangu hatasikia.

Alhamisi, 14 Agosti. Kitui, kwenye benchi la kliniki

Syokau ameshaingia na kutoka. Nilikuwa ndani naye, na nesi pia. Daktari Gicheru ni mfupi, miwani yake imeshikwa na selotepu. Kila kitu alimweleza Syokau kwanza. Katikati mtoto akasema "ngoja". Akangoja. Alikaa tu, mikono magotini, mpaka mtoto mwenyewe akasema "sawa, sasa". Sijawahi kuona mtu mzima akimngojea mtoto hivyo. Nimelia kidogo na sioni aibu.

Ugonjwa una jina refu, ametuandikia. Ni wa ngozi. Si uchafu, hauambukizi, hakuna aliyekosea. Dawa ni ya kupaka kwa miezi, na lazima turudi aangalie tena. Syokau alimwomba arudie ile ya uchafu. Akarudia.

Kisha akauliza kama kuna mwingine kwenye familia mwenye shida kama hii, maana wakati mwingine iko kwa damu. Nikafunga mdomo. Si yangu kuitangaza.

Nje nikamwambia susu daktari ameuliza nini. Hilo tu. Akakaa. Kisha akainuka, akaenda mwenyewe kwenye dirisha la kujiandikisha, akarudi na kadi.

Sasa nesi ameita. "Syokau Mutisya!"

"Mimi nimeshaingia," Syokau akasema. Halafu akaiona kadi mkononi mwa nyanya yake, yenye jina lilelile. Akaiangalia, akaniangalia mimi.

Susu hajainuka. Amesema kwa Kikamba, chini chini, kwamba hajawahi kuonyesha mtu, hata wakati wa kuzaa ilikuwa giza.

Syokau amesogea karibu naye. "Susu, ukimwambia ngoja, anangoja. Mimi nimejaribu."

Nesi ameita tena. Susu amenipa Biblia nimshikie. Ameshika mkono wa mtoto, lakini bado amekaa, macho kwenye mlango ule.

Nesi ameita mara ya tatu, kwa sauti ya mtu mwenye foleni ndefu. Watu wanatuangalia. Nimemwambia nesi angoje.