Alama za Kiti cha Mzee Karisa

Mjukuu wangu Zawadi,

Habari za huko Nairobi? Sisi hapa Saltley, huku ughaibuni kwenye baridi, tu wazima, ila hita ya kupasha nyumba joto imegoma tena na mama yako ananuna.

Unauliza kama kundi lenu litumie jedwali la alama kuchagua muundo wa kiti. Tumieni, lakini msirudie upuuzi wetu. Ujanani, kwenye karakana ya useremala, kila fundi alichora kiti, tukapeana alama za uimara na wepesi. Mzee Karisa, mkubwa wetu, akapata kumi kote. Nani angemnyima? Tukakiunda, akakikalia, kikavunjika. Akafoka akiwa sakafuni: "Mlipima kiti au mvi zangu?"

Halafu nawe umenitumia michoro mitatu, eti babu ndiye achague! Nimeirudisha yote. Mvi zangu ni nyingi kuliko za Karisa.

Babu yako