Kuku wa Nekesa

Mjukuu wangu Nafula,

Hapa Mayoni hatujambo. Babu yako anapalilia miwa huku akilalamikia mgongo. Umeniuliza kama mtu asiyeamini Mungu anaweza kujua jema na baya.

Nikiwa msichana, rafiki yangu Nekesa alitoa mimba, akaugua sana. Sisi wa kwaya tukaacha kupita kwao. Jirani yetu Mama Khasandi, ambaye hakuwahi kukanyaga kanisani, alimpelekea kuku, kama tunavyompelekea mama aliyejifungua. Tukamcheka: "Kwani kuna mtoto?"

Akajibu, "Kuna Nekesa."

Mpaka leo sijui kama Nekesa alikosea. Kwamba mimi nilikosea, nilijua palepale, kabla mhubiri hajasema lolote.

Kula vizuri huko chuoni.

Ni mimi bibi yako, kukhu wako