Dirisha la Cherehani

Nyumba ya Geti la Bluu,
Nyuma ya Kiwanda cha Magodoro,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mgongo unaendeleaje tangu ujifungue? Na shemeji, bado anakohoa usiku kucha huku akiapa kwamba haumwi, au hatimaye amekubali kwenda kwa daktari? Na mtoto, Kidevu wangu, ameota meno mangapi? Mwambie mama yake mkubwa anamdai busu.

Sisi ni wazima. Mama ana nguvu zake, ila macho yanamsumbua. Kutunga uzi kwenye sindano siku hizi anajaribu mara nne, tano, kisha ananiita. Hata hivyo anashona. Cherehani yake tumeiweka koridoni, pale karibu na choo, maana unajua sebule yangu ilivyojaa makochi na mazulia ya kazini. Hajalalamika.

Kazi nayo haijambo. Bado napamba nyumba zinazouzwa, na bado ndugu wa mume wangu wanauliza hiyo ni kazi au ni mchezo. Nawaambia kila siku: mnunuzi akiingia ndani akakuta picha ya harusi yako ukutani na kandambili zako mlangoni, anajiona mgeni, anaaga. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kumtoa mwenye nyumba. Picha, vikombe, kalenda za miaka iliyopita, harufu yake, vyote nje. Ndipo rangi na mapazia vinafuata. Mafundi wangu wanaita hivyohivyo, "kumtoa mwenyewe". Shika neno hilo.

Sasa kaa chini. Kama umembeba Kidevu, mlaze kwanza.

Mwezi uliopita dalali ninayefanya naye kazi alinipigia. Kuna mzee, anataka kuuza ahamie ghorofani, jirani na mwanawe, lakini nyumba imekaa sokoni mwaka mzima na kila anayekuja anasema ina giza kama stoo. Nikauliza iko wapi. Nyumba ya kona, akasema, yenye mlango wa kijani. Mdogo wangu, niliishika simu kwa mikono miwili.

Ndiyo. Nyumba yetu.

Wewe ulikuwa shule ya bweni mwaka ule tulipotolewa, hukuona kwa macho. Mimi niliona. Baba hajamaliza hata mwaka kaburini, Baba Mdogo, ambaye ndugu walimpa nyumba atusimamie tu, akamletea Mama karatasi asaini, naye akasaini kwa sababu alimwamini shemeji yake. Baada ya mwezi nikakuta cherehani iko uani, kitanda cha Mama kimesimamishwa ukutani, na Baba Mdogo anapangusa mikono. Alisema maneno manne tu: "Shemeji, nyumba inahitaji nafasi." Nimeishi na maneno hayo miaka kumi na tisa. Nimeyala, nimelala nayo.

Dalali hakujua lolote. Huku kazini naitwa Mama Mwanga, na ndilo jina alilomtajia mzee. Akampelekea na masharti yangu ya kawaida: tangu nianze hadi nyumba iuzwe, yanayofanyika ndani naamua mimi, na mwenye nyumba mchana anakaa nje. Baba Mdogo akasaini bila kuuliza huyo Mama Mwanga ni mtoto wa nani. Yeye ambaye karatasi ndiyo iliyompa nyumba!

Nilipogonga alifungua mwenyewe. Amezeeka, mdomo umeingia ndani, lakini shingo ni ileile ya kuangalia watu kwa juu.

"Wewe?"

"Mimi, Baba Mdogo. Shikamoo."

"Marahaba," akajibu kwa mazoea. "Umefuata nini?"

"Nimekuja kukutoa."

Fundi rangi, ambaye anajua hilo ni neno la kazi tu, akapita katikati yetu na ndoo zake.

Sitakuficha, nilifurahia kila dakika. Nilitoa picha zake kumi na moja, zote amevaa suti moja. Nikatoa kiti chake cha kuegemea, saa yake ya ukutani isiyotembea, redio yake. Vyote uani, palepale ilipokuwa cherehani. Naye akakaa katikati ya vitu vyake kwenye kiti cha plastiki, ananitazama nikipita. Siku ya pili aliomba arudishiwe kiti tu. Nikamwonyesha saini yake.

Kisha nikafika kwenye kabati. Lile refu la vioo alilolileta siku ileile Mama alipotoka, likafunika ukuta mzima wa sebule. Wanaume wanne walilisogeza. Nyuma yake niliona kile nilichokuwa nakitafuta: mraba wa plasta isiyolingana na ukuta. Unalikumbuka dirisha la Mama? Lile aliloweka cherehani chini yake, sisi tukikaa miguuni pake kuokota pini? Baba Mdogo aliliziba kwa matofali ili kabati lake likae vizuri. Kisha akaishi gizani miaka yote hiyo akilaumu umeme.

Nilimwita fundi mwashi. Tofali la kwanza lilipoanguka, jua likaingia hadi mlango wa jikoni. Fundi rangi aliacha brashi. Tulitia fremu mpya, kuta tukazipaka rangi ya maziwa, nikaweka kiti kimoja na meza ndogo chini ya dirisha, basi. Sikuongeza pambo lolote.

Baba Mdogo aliingia siku ya kuonyesha nyumba. Alisimama kwenye ule mwanga, akageuka taratibu, akagusa ukuta kama mtu aliyepoteza funguo. Niliona anavyoipenda. Ndivyo nilivyotaka, mdogo wangu. Sikutaka auze stoo ya giza. Nilitaka aondoke kwenye nyumba anayoililia.

Siku hiyohiyo akaja muuguzi mmoja na mama yake mzee. Hawakuzunguka. Binti alimwongoza mama moja kwa moja hadi dirishani, akamkalisha. "Hapa ndipo utakaa, Mama," akasema. Saa sita wakawa wameshasaini, Baba Mdogo naye amesaini.

Saa saba akanivuta pembeni, kwenye bomba la uani. "Mwanangu, zungumza na dalali. Nimebadili mawazo. Hata chumba kimoja waniachie, cha uani."

Nilikuwa nimeyaweka maneno yake ya siku ile miaka kumi na tisa, na yalitoka laini kabisa. "Baba Mdogo, nyumba inahitaji nafasi."

Aliyakumbuka. Niliona machoni.

Nikarudi nyumbani nikiruka. Mama alikuwa koridoni, taa imewashwa mchana, kichwa kimeinamia sindano. Nilimsimulia yote, hata zile picha kumi na moja za suti moja, nikingoja acheke. Hakucheka wala hakunigombeza. Aliuliza kama jua bado linafika mlango wa jikoni. Nikasema linafika.

"Umefanya vizuri kumfungulia yule mama dirisha," akasema, akanyoosha uzi kuelekea kwenye balbu. "Na hapa kwako, mwanangu, nafasi itapatikana lini?"

Miaka sita yuko kwangu. Nimefungua madirisha ya watu mtaa mzima.

Usidhani nimemsamehe Baba Mdogo. Hata kesho ningemtoa tena. Lakini leo tangu asubuhi niko na mafundi, tunatoa makochi yangu uani. Mama amekaa na cherehani yake sebuleni, kwenye dirisha kubwa, uzi ameutunga kwa jaribio la kwanza.

Msalimie shemeji, mama mkwe wako, na yule jirani yako mwenye kuku. Kidevu mbusu kwenye kidevu. Mungu awape afya, na nyumba yenu isikose mwanga.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata usipojibu barua,

Mama Mwanga