Usingizi Ulioamriwa kwa Simu

Bweni la Wauguzi, Chiayi

Dada yangu mpenzi Shu-hui, mwenzangu katika mapambano ya wale wanaoshika pumzi ya mgonjwa huku jina la mwingine likiandikwa kwenye faili,

Nakusalimu kwa heshima na upendo. Natumai mgongo wako umepata nafuu tangu ulipopunguziwa zamu, na kwamba shemeji hatimaye amekubali kupika siku unazochelewa. Mimi ni mzima wa mwili. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu wewe huniuliza habari za Ssu-ying kabla ya kuniuliza kama nimekula.

Nianzie hapo, maana ndipo panaponiuma. Mwaka Mpya nilimleta nyumbani mwanafunzi mwenzangu huyu, na Mama akamwekea shavu la samaki ambalo tangu utotoni lilikuwa langu. Nawe ukasema, "Huyu binti ana mikono mitulivu, Yi-hsuan. Jifunze kwake." Nilicheka pamoja nanyi. Sijasahau. Ni mimi niliyeanzisha umoja wetu, sisi wauguzi wenye leseni tunaosomea uuguzi wa usingizi. Ni mimi niliyesimama kwenye ngazi za chuo na kipaza sauti kibovu, nikidai kwamba anayemlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi kabla ya upasuaji atambuliwe na alindwe na sheria. Ulipofika uchaguzi wa msemaji, wakamchagua yeye, ambaye hata akiagiza chakula muuzaji humwomba arudie.

Sasa sikiliza yaliyotokea Jumanne. Unaijua kazi yetu: daktari mmoja wa usingizi hugawanywa vyumba kadhaa vya upasuaji, na sheria inataka awepo mgonjwa anapolazwa. Akikwama kwingine hupiga simu, husema tuanze, kisha hupita baadaye kutia sahihi kana kwamba alikuwepo. Kila mtu anajua, na kila mtu amenyamaza. Bibi Tseng, aliyevunjika nyonga, alikuwa juu ya meza ya upasuaji, bado macho. Simu ikaita, na sauti ya Daktari Liao, daktari wetu wa usingizi, ikasikika chumba kizima ikimwamuru Ssu-ying aanze. Ssu-ying alijibu kwamba shingo ya bibi imekakamaa na mdomo haufunguki vizuri, hivyo angemsubiri aje mwenyewe. Daktari Chiang, mpasuaji, akaanza kumkejeli. Alionyesha ile pakiti ya kijani ya bisi tunayoiweka juu ya mashine ya usingizi kama hirizi, ili isitugomee, akasema, "Mashine imeshapewa bisi zake, imetulia. Wewe binti unasubiri ulishwe nini?" Watu wakacheka. Ssu-ying hakuutoa mkono wake begani kwa bibi.

Nilikuwa msaidizi chumbani humo, na nikaona nafasi yangu. Nilimsogeza kwa kiwiko, nikamwambia ampishe anayeweza. Nilimlaza bibi. Mpira wa kupumulia ukakataa kuingia kooni. Nikajaribu tena, ukakataa tena, na midomo yake ikaanza kuwa ya bluu. Aliyeshika barakoa na kumpumulisha kwa mkono, taratibu kama mtu anayebembeleza mtoto, hadi Daktari Liao akaja mbio, alikuwa Ssu-ying. Bibi yu hai, lakini meno yake ya mbele yamevunjika, na wanawe wameleta wakili.

Kesho yake Daktari Liao alinikaribisha chai ofisini. Alidai hakumwamuru mtu yeyote aanze. Kisha akalainisha sauti: "Wewe andika tu kwamba Ssu-ying alimtelekeza mgonjwa, ukaingia kumwokoa. Leseni yako itapona. Ya kwake, basi tena." Dada, nakuungamia wewe peke yako: nilifurahi. Nilitoka pale nikiyapanga maelezo yale kichwani, na yalikuwa mazuri kuliko hotuba yoyote niliyowahi kutoa.

Ndipo Ssu-ying akanikuta kantini, akaketi mbele yangu na bakuli lake la wali wa bata mzinga. Alisema kwamba Jumamosi, mbele ya umoja na wakili wetu, atashuhudia kuwa amri ilitoka kwenye simu. Nilimuuliza atasemaje kuhusu kiwiko changu. Akajibu, "Kiwiko gani, dada? Kula, wali unapoa."

Umeona? Ataniokoa kwa sauti ile ile isiyosikika, ukumbi utamnyamazia ili umsikie, na watampenda maradufu. Kuangamizwa naye ningestahimili. Kuokolewa naye siwezi.

Kwa hiyo nimemwambia Daktari Liao sitaandika, na nimeiomba kamati ya umoja nizungumze kabla yake. Nitasema amri ilitoka kwa simu, kama zinavyotoka kila siku katika vyumba vyetu. Nitasema pia kwamba niliusukuma mkono uliokuwa sahihi, kwa sababu nilimwonea wivu mwenye mkono huo. Huenda leseni yangu ikaishia hapo. Usiniite mwema, dada. Nataka tu, mara hii moja, nifike kabla yake.

Nisalimie shemeji. Mama usimwambie lolote mpaka nimwambie mwenyewe. Mkutano ni Jumamosi, saa nane mchana, ukumbi wa chini wa chuo. Njoo, na tafadhali uketi upande wangu.

Mdogo wako,
Kuo Yi-hsuan