Baragumu Lililovumbuliwa Nakuru

Bondeni, Nakuru
Jumapili, 24 Novemba 1957

Kwako Bwana Ogola, ndugu yangu wa tangu karakana ya reli,

Ninakutangazia rasmi, nikiwa nimevua kofia, kwamba Alhamisi ya tarehe 14 mwezi huu, saa nne asubuhi, katika shule moja ya ufundi hapa mjini, wanafunzi wanne wa darasa la michoro walivumbua kupuliza. Dunia ilikuwa ikingoja jambo hilo. Sasa inaweza kuendelea na kazi zake.

Baada ya tangazo hilo, u hali gani? Mama Akeyo anaendeleaje na kile kikohozi, na watoto hawajambo? Sisi huku ni wazima. Hadiya anakusalimu, na Samsam ameng'oka meno mawili ya mbele lakini bado hanyamazi. Mvua imeturuka, na vumbi la ziwani linaingia mpaka ndani ya sufuria.

Barua yako niliipata. Nimeelewa kwamba tarehe 7 Desemba mnamaliza matanga ya marehemu baba yako, na kwamba wewe, mwanawe wa kwanza, ni lazima upulize abu yake mbele ya wazee, la sivyo ami zako watasema nyumba haina mwenyewe na watamkalisha ndugu yako mdogo mahali pako. Umeniomba nikutumie kwa treni abu hiyo, hilo baragumu la kibuyu uliloniachia ulipohamishiwa Kisumu. Nitakujibu. Lakini kwanza ni lazima uyajue mambo ya darasa la michoro, maana jibu langu limepitia humo.

Mwalimu wao ni Bwana Petifa, kijana wa Kizungu aliyefika mwezi wa nne akiwa na penseli sikioni, na sijamwona akiitoa hata akila. Yeye husema kila kitu kichorwe upya kuanzia kwenye shina lake. Aliwaamuru wasahau kila chombo cha muziki walichowahi kukiona. Kwa vijana hawa haikuwa kazi ngumu; wao husahau hata kurudisha misumeno yangu. Kisha akaandika kanuni ubaoni: midomo hutikisika, na hewa iliyo ndani ya bomba huitikia. Akawapa miezi mitatu watengeneze chombo ambacho hakijawahi kuwako, wakipulize mbele ya mkaguzi kutoka Nairobi.

Mimi, kwa kuwa ndiye mtunza stoo, nilitoa karatasi. Ogola, karatasi zile zingetosha stesheni ya Naivasha mwaka mzima. Kiprugut, kijana wa Olenguruone, alichora midomo: midomo ya mbele, midomo ya ubavuni, midomo iliyopasuliwa kama embe. Wiki ya pili Micah akagundua kwamba bomba refu hutoa sauti nzito na fupi hutoa nyembamba. Walimwita mwalimu mbio, na mwalimu akampa mkono. Samsam wangu alilijua hilo akiwa na miaka minne, kwa mabua ya majani ya maboga, na hakuna aliyempa mkono; mama yake alimwambia aache kelele.

Wiki ya tano wakaona heri bomba liwe na tumbo mwishoni. Wiki ya saba wakaona heri tundu la kupulizia likae ubavuni, ili mpulizaji asisimame kama mtu anayekunywa maji ya mvua kwenye bati la paa. Siku hiyo nikiwa nimekalia sanduku langu la misumari niliutazama mchoro wao, nikaiona abu ya baba yako, kuanzia mdomoni mpaka tumboni.

Nikamwita Owino kando. Huyu ni mtu wa kwenu kabisa, wa Alego, aliyezaliwa abu zikilia matangani. Nikamuuliza kama kweli hajawahi kuona kitu cha namna ile. Akanijibu bila kupepesa macho kwamba kile cha nyumbani ni cha desturi, mzee, na hiki ni cha kanuni. Na tena cha nyumbani hakina maksi. Tangu saa hiyo nilimdharau kwa moyo wangu wote, na sitakuficha, nilipata raha sana.

Raha ilizidi walipoanza kukiunda. Walitumia bati. Kosgei, ambaye baba yake huendesha trekta huko Mau Narok na kwa hiyo hajui kunong'ona, akatangaza kwamba ndani ni lazima pawe laini ili hewa isijikwae. Wakakoroga gundi na ule unga mweupe unaochimbwa Kariandusi, wakapaka ndani yote, unene wa kidole. Sasa wewe na mimi tumeushindilia unga ule kwenye boila miaka tisa. Tunajua kazi yake: unameza joto, unameza maji, na ukikaa nyuma yake husikii hata nyundo. Neno moja kutoka kwangu lingetosha. Walipokuja kuuliza kama umebaki, niliwaambia wachukue gunia zima.

Basi siku ikafika na mkaguzi akaja. Owino akapuliza. Ikatoka sauti ya ng'ombe aliyefunikwa blanketi. Micah akajaribu, ng'ombe akawa mbali zaidi. Kiprugut akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Bwana Petifa akamweleza mkaguzi kwamba kanuni, hata hivyo, ni sahihi.

Sasa, Ogola, kama umesimama, kaa.

Niliingia stoo nikaishusha abu yako kutoka darini. Sikuombwa na mtu. Nilikuja nayo mpaka mbele ya mkaguzi na kumwambia, kwa Kiingereza nilichojifundisha kwenye magazeti ya kufungia nyama, kwamba chombo chao kiko tangu zamani, hakikuhitaji penseli, na hiki hapa kinalia. Nikapuliza. Hakikulia. Nikapuliza tena, kikatoa pumzi tu. Kosgei akauliza, kwa sauti yake ile ya shambani, kama mzee anapuliza au anapoza uji, na darasa zima likaangua kicheko.

Ndipo nikakumbuka kwamba wewe, kabla ya kupuliza, ulikuwa ukimimina pombe ya busaa ndani ili kibuyu kilowe na nyufa zijifunge. Mimi busaa siigusi, unanijua. Lakini birika la chai ya mkaguzi lilikuwa mezani. Nikamimina chai. Ilikuwa imetoka jikoni wakati ule ule.

Kinachovishika vipande vya abu ni nta. Hilo nililikumbuka nikiwa nimeshamimina. Abu ya marehemu ikainama polepole kama mtu aliyepokea habari mbaya, ikaachana vipande vitatu, na chai ikatiririka mpaka kwenye viatu vya mkaguzi. Safari hii hawakucheka. Afadhali wangecheka.

Siku nne sikukuandikia. Nilikuwa nikitunga uongo: kwamba stoo ilivunjwa, na wezi, kwa sababu zao wenyewe, walichukua kibuyu wakaacha randa. Siku ya tano Owino na wenzake walikuja kuniomba vile vipande. Sikuwa na uso wa kuwakatalia. Wakapima kila kimoja, wakachora, nikatoa karatasi. Kiprugut akaenda kwao akarudi na nta ya mizinga ya mama yake, imefungwa kwenye majani. Waliunga kwa siku mbili, na Bwana Petifa akawashikia taa ya spiriti bila kufundisha chochote. Jana alasiri Owino aliipuliza nyuma ya karakana akiwa amefumba macho. Wanawake waliokuwa kwenye mfereji wakatua madebe yao chini, wakasimama tu. Sikumuuliza kama ile ilikuwa ya desturi au ya kanuni.

Nimeifunga kwa gunia na nyasi kavu. Itapanda treni ya Jumanne. Mwone karani wa vifurushi hapo Kisumu siku inayofuata. Ukiona heri jina langu lisitajwe tena nyumbani kwako, nitakuelewa. Lakini siku hiyo ipulize, ili ami zako wakose la kusema.

Nisalimie Mama Akeyo na watoto wote, wakubwa kwa wadogo, na wale wa karakana waliohamia huko wanaonikumbuka kwa mema, kama wapo. Hadiya anasema tutawaombea siku ya matanga. Ukipata nafasi niandikie, hata kama ni kwa kunitukana.

Ni mimi ndugu yako,
Ishak Alamin,
mtunza stoo

Nimesahau moja. Owino ameniomba nikuarifu kwamba ameziba tundu moja kwa nta, kiasi cha shubiri kutoka mdomoni. Ni lile nililokuwa nikipulizia mimi. Lilitobolewa na panya.